Pamba ya Vumilia na Mvua Iliyochelewa

Wifi yangu Vumilia alirudi kutoka Geita mwezi wa saba, wakati huku kwetu Kishapu watu wanashindilia pamba kwenye magunia na vumbi linaingia mpaka kwenye uji wa mtoto. Alikuja na begi moja na binti yake Salome. Karai lake la kuoshea dhahabu hakuja nalo. Mimi ndiye niliyeliulizia, maana tangu kaka yangu Makoye amuoe, sikuwahi kumwona Vumilia bila karai hilo.

"Nimemwachia jirani," akasema. "Wifi, nipe maji kwanza."

Nikampa. Alipomaliza kunywa akanieleza, huku anamtazama Salome akicheza na mwanangu Enock kwenye mkeka. Alikuwa na mimba changa. Alipokwenda kliniki kule machimboni, nesi alimshika mikono akaigeuzageuza, akamuuliza anafanya kazi gani. Vumilia akamwambia ukweli, kwamba mwamba ukishasagwa kwenye karasha, wao kina mama wanauosha na kuuchanganya na zebaki kwa mikono mitupu ili ikusanye dhahabu, halafu wanaichoma ile zebaki iishe. Nesi akamwambia hiyo zebaki inapita kwa mama inaingia kwa mtoto, inamharibu ubongo kabla hajazaliwa. Kama anamtaka huyo mtoto akiwa mzima, aache leo.

"Na kaka amesemaje?"

"Amesema nije kwenu, yeye abaki. Lakini duara lao, lile shimo wanalochimba, halijatoa kitu tangu Pasaka. Wifi, mimi sijui kukaa. Nikikosa kazi hapa nitarudi kule, najijua. Njaa ya Salome itanirudisha."

Basi ndipo tulipokuwa. Apate kazi nyingine, au arudi kwenye zebaki na mtoto tumboni.

Mimi na mume wangu Pantaleo, fundi baiskeli hapa Mhunze, tulifikiri atauza maandazi kama wengine. Yeye alikuwa na lake. Siku ya sikukuu mjini Geita, Salome alikuwa amelilia ile pamba ya sukari, ya rangi ya waridi, inayozungushwa kwenye kijiti. Vumilia akasimama kumwangalia muuzaji mpaka akasahau kumnunulia mtoto.

"Mtu anatia kijiko kimoja cha sukari," akatuambia, "anatoa kitu kikubwa kuliko kichwa cha Salome. Mimi nasaga gunia zima la mawe napata punje ya mtama! Nani mjinga hapo?"

Pantaleo akacheka mpaka spana ikamtoka mkononi. Lakini wiki ile ile Vumilia akauza mbuzi wake waliokuwa kwa mama yake, na mimi nikamfunga Enock mgongoni tukaenda Shinyanga mjini kutafuta mashine ya pamba hiyo.

Tuliingia maduka mengi. Kwingine walituuliza kama tumetumwa na bosi wetu. Mwisho tukafika kwenye duka la vyombo la dada mmoja wa Kihindi, Bhavna, aliyekuwa amekaa nyuma ya meza akimlisha mtoto wake wali wa dengu kwa vidole. Mashine zilikuwa mbili tatu dirishani. Vumilia aliipenda moja palepale, nyekundu, ina magurudumu kama kigari cha mfalme na kipaa cha mistari juu.

"Hiyo ni ya umeme," akasema Bhavna. "Utauzia wapi, dada?"

"Minadani. Mhunze, Songwa, na Mwadui watu wakipata mshahara."

"Mnadani kuna umeme?"

Vumilia akaniangalia mimi.

"Sasa utaichomeka wapi? Kwenye pembe ya ng'ombe?"

Tukacheka wote, hata mtoto wake akacheka na wali mdomoni. Bhavna akafuta mikono, akaingia stoo, akatoka anaikokota nyingine, ya bati tupu, imebonyea pembeni. Akatuonyesha: jiko lake la gesi liko chini ya kichwa, yaani kile kikombe cha kuyeyushia sukari, na kichwa kinazungushwa na mota inayokula betri kama ya pikipiki. "Haina sura," akasema, "lakini hii inakwenda porini. Ile nyekundu ningekuuzia, ungekuja kunilaani mwezi ujao."

Namshukuru yule dada mpaka leo. Ile nyekundu ilikuwa na bei kubwa zaidi, na sisi tulikuwa na hela mkononi.

Vumilia hakuichukua hivyo hivyo. Aliinama, akakizungusha kile kichwa kwa kidole kimoja, akasogeza sikio, akafumba macho. Ndivyo anavyofanya na karai, husikiliza mchanga unavyotembea. Akafumbua macho akasema, "Kichwa hiki kinayumba."

"Kinayumba?" Bhavna akainama naye. Wakakizungusha tena, vichwa vyao viwili vikikaribia kugongana. "Aisee, kweli. Ngoja." Akaleta nyingine. Hiyo ilizunguka kimya kama pia ya watoto, na Vumilia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye basi la Geita.

Bhavna akatufundisha hapo hapo mlangoni. Uwashe moto kwanza, kichwa kipate joto. Utie kijiko kimoja cha sukari, basi. Ukiona nyuzi, zungusha kijiti pembeni, usikizamishe katikati. Na usitie maji hata tone. "Adui zako wawili," akasema, "upepo na unyevu. Vingine vyote utavizoea."

Tulifika nyumbani tukiwa na furaha kama tumeoa.

Asubuhi yake, kabla sijaamka vizuri, nikasikia kinu kinatwanga. Nikajua ni mahindi. Nilipotoka nikamkuta Vumilia anachekecha sukari. Ameitwanga mpaka imekuwa unga mweupe kama wa ngano.

"Mbona hivi?"

"Wifi, kitu kikisagwa laini ndiyo kinatoa. Hujui? Mwamba wa chenga unaficha dhahabu ndani."

Na mimi nikaona ni kweli. Sikuwahi kusaga mwamba wala kupika pamba ya sukari, ningebisha nini?

Akawasha gesi, kichwa kikapata moto, akatia ule unga. Mwingine uliruka nje kama vumbi la karasha ukatuingia machoni. Uliobaki ndani ukaungua. Moshi! Salome akakimbilia kwa jirani. Kichwa kikaanza kukwama, mota ikanguruma, na kwenye vitundu kukaanza kutoka kitu cheusi kinachonata. Pantaleo akaja amebeba gurudumu la mtu, akachungulia.

"Jamani, mnatengeneza barabara? Hii lami mmeitoa wapi?"

Hakuna aliyecheka. Vumilia alizima gesi, akakaa chini kwenye vumbi, mikono yake yenye madoa ameilaza mapajani. Kisha akasema polepole, kama anaongea na mtu mwingine, "Kesho kutwa kuna basi la Geita."

Nilimwangalia tumbo, ingawa lilikuwa bado halionekani. Nikachukua simu yangu nikampigia Bhavna.

"Umetia sukari gani?" akauliza.

"Ya dukani. Lakini tuliitwanga."

"Mliitwanga! Kwa nini?"

Nikampa Vumilia simu. Nikamsikia anaeleza habari za mwamba na chenga, sauti inampungua kadiri anavyoeleza. Upande wa pili kikatoka kicheko kikubwa, cha mtu anayekupenda.

"Dada yangu, hiyo ni sukari, siyo mwamba! Ikiwa unga inaruka kabla haijayeyuka. Tia chenga zake kama zilivyo, zenyewe zinajua kazi. Loweka kichwa kwenye maji ya moto, kitapona."

Tukachemsha maji. Pantaleo akachongoa spoku ya baiskeli akawa anazibua vitundu, kimoja kimoja, huku anaimba. Jioni tukawasha tena, tukatia sukari ya chenga. Mwanzoni hapakuwa na kitu. Halafu kwenye ukingo wa beseni la mashine nikaona uzi mmoja, mwembamba kama utando wa buibui wenye umande, halafu mwingine, halafu beseni likajaa ghafla. Salome alipiga kelele. Vumilia akazungusha kijiti, akatoa pamba ya kwanza, imekaa upande kama kilemba cha mlevi, akampa mwanawe. Kisha akageuka akapangusa macho kwa khanga, akasingizia moshi.

Mnada wa kwanza tuliusahau upepo. Upepo wa Mhunze unatoka uwandani, hauna pa kuzuiwa. Nyuzi zilipanda zikaondoka zake, watoto wakazikimbiza kati ya ng'ombe, na fungu moja zuri sana likaenda kumvaa mzee Jilala, mkulima wa pamba na mchuuzi wa mbuzi, mtu wa kofia pana na maneno mapana zaidi.

"Mama Salome!" akapaza sauti, nyuzi za waridi zinaning'inia mpaka kidevuni. "Naona leo nimevishwa shela. Bwana harusi yuko wapi?"

Mnada mzima ulicheka, na tangu siku hiyo tukajulikana. Tukanunua turubai, tukaziba pande tatu. Wakulima waliotoka kuuza pamba walikuja kuwanunulia watoto, wanazivuta nyuzi kwa vidole kama wanavyofanya kwenye mizani. "Hii ni daraja la kwanza au ni fifi, pamba chafu?" Vumilia anawajibu, "Hii haina mbegu wala mdudu, baba. Kula, usipime." Mimi nilikuwa napokea hela na kufunga mifuko. Nilikuwa naona mengi, maana anayefunga mifuko hasemi. Niliona mikono ya Vumilia inaanza kurudi rangi yake. Niliona anakula vizuri. Tumbo lake lilikaa nyuma, na kwa madera yake mapana hakuna aliyejua. Huku kwetu mwanamke hatangazi mimba mnadani.

Kisha mvua ikachelewa.

Mwezi wa kumi ukaisha. Mashamba yamelimwa, mbegu za pamba zimewekwa ndani, na watu wanatoka nje asubuhi kuangalia juu kabla hawajanawa uso. Mawingu yalikuja, yakakaa, yakaondoka. Kwetu mvua ikifanya hivyo watu hawalaumu mawingu. Wanatafuta nani ameifunga. Wachoma matofali walikuwa wameshaambiwa wazime matanuri yao, maana nao wanapenda jua.

Asubuhi moja ya mnada kulikuwa na wingu zito. Vumilia, akiwa anafunga mtungi wa gesi, akasema kwa sauti, kama mtu yeyote angesema, "Mungu wangu, isinyeshe leo tu, sukari nimeshaileta." Jilala alikuwa anapita na mbuzi wake. Nilimwona amesimama kidogo, akaendelea. Wingu lile likaenda kunyesha kwingine.

Mnada uliofuata alikuja na wanaume wenzake. Hakuwa na utani.

"Mama Salome, tumekuja kukuuliza kwa heshima. Hayo unayozungusha humo ni nini?"

"Ni sukari, baba. Si umekula mwenyewe?"

"Nimeila, ndiyo. Ikayeyuka, sikuona imekwenda wapi. Mimi nina miaka mingi, sijaona mtu anachota wingu kwa kijiti anauza. Na kwa masikio yangu nimekusikia unaomba isinyeshe."

"Niliomba siku moja tu!"

"Siku moja yako, sisi mwezi mzima," akasema mwingine.

Watu wakajaa. Vumilia, badala ya kunyamaza, akataka kuwaonyesha. Akachukua pamba moja kubwa, akachovya vidole kwenye kikombe cha maji, akanyunyiza. Ile pamba ikanywea ikawa kidonge kidogo chekundu kwenye kijiti. "Mnaona? Mvua ndiyo inayoniua mimi. Mimi nitaiweza wapi?"

"Mmeona!" Jilala akawageukia watu. "Amesema mwenyewe! Mvua ni adui yake. Ndiyo maana anaifunga!"

Nikajua tumekwisha. Enock akaanza kulia mgongoni. Wale wanaume hawakumgusa, lakini mmoja akaanza kuvua kamba za turubai letu, taratibu, kama anamsaidia mtu kuhama.

"Funga vitu vyako, mama," akasema Jilala. "Hatutaki ugomvi. Ulitoka Geita, rudi Geita."

Vumilia akajishika ubavu. Nilisikia lile neno Geita na akilini nikaiona mikono yake ile imezama tena kwenye karai la zebaki.

"Mwacheni huyo mayo, mama wa watu, kwanza," sauti ikasema. Alikuwa Bibi Melania, mama wa Kisukuma anayeuza ugoro kwenye kona ya wauza mitungi, mwenye ulimi ambao hata watoza ushuru wanaukwepa. Akapita katikati ya wanaume kama anapita kwenye mtama. Akamtazama Vumilia alivyosimama, ule mkono ubavuni, akauweka mkono wake mwenyewe juu ya dera.

"Miezi mingapi?"

Vumilia akaona aibu, akainamisha kichwa. "Sita, bibi."

Minong'ono ikapita kwa kina mama. Bibi Melania akageuka.

"Haya, wanaume. Nani kati yenu mama yake alimwambia mwenye mimba anafunga kitu? Sisi tukiwa na mimba hata kuni tunafungiwa na wengine. Akifunga mvua si amejifunga mwenyewe? Huyo mtoto atatokea wapi?"

Hata aliyekuwa anavua kamba akasimama na kamba yake.

"Labda hajui mila," Jilala akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Hajui! Na huyu nani alimzaa?" Akamvuta Salome mbele, mdomo wote wa mtoto umejaa waridi. "Na anayefunga mvua huifunga kwenye chungu, akaifukia asipoonwa. Wewe umeona wapi mchawi anapanga foleni ya watoto mchana kweupe? Jilala, mama yako alisahau kufunga kitu kimoja tu siku ulipozaliwa. Ni huo mdomo."

Kicheko kilianzia kwa wauza mitungi kikatembea mpaka kwenye ng'ombe. Jilala alijaribu kukaza uso akashindwa. Akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Bibi umenipiga. Haya, Mama Salome, samahani. Unajua mtu mwenye mbegu ndani na ardhi kavu hana akili." Akamwambia aliyeshika kamba aifunge tena. "Na nipe moja. Kubwa. Nimeaibika, acha nile."

Vumilia alimtengenezea haraka haraka, pamba ikatoka mbaya kuliko zote alizowahi kutoa. Jilala aliila yote pale pale, ndevu zikawa za waridi, hakuna aliyemwambia. Kisha wifi yangu akakaa kwenye ndoo, na Bibi Melania akakaa naye, anampepea kwa khanga.

"Wabeja, bibi," Vumilia akamshukuru. "Wabeja sana."

"Kunywa maji," akajibiwa.

Mvua haikunya siku ile, wala wiki ile. Ilikuja ilipotaka yenyewe, siku ya mnada tena, saa nane mchana, matone makubwa kama korosho. Watu hawakukimbia kujificha. Turubai letu lilianguka, sukari ikawa shira, na kila pamba tuliyokuwa tumeifunga ikanywea kwenye mfuko wake. Hasara tupu, na Vumilia amesimama katikati ya mnada, tumbo mbele, anacheka na maji yanamtiririka usoni. "Mbula!" watoto wanapiga kelele. "Mbula!"

Msimu wa mvua tuliuza kidogo. Siku za jua tulikwenda Songwa, au mlangoni kwa kanisa Jumapili. Haikuwa rahisi, sitasema uongo. Kuna siku tulikula mihogo mitupu, na kuna siku nilimwona Vumilia anaangalia barabara ya magharibi, ya kwenda Geita. Lakini hakuondoka.

Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, wa kike, akalia kabla hata hajafutwa. Akapewa jina la Melania, na bibi akaja na kuku na maneno: "Somo yangu, karibu. Usiwe na mdomo kama wangu, utakosa mume." Vumilia hakufurahi haraka. Kila siku alikuwa anamjaribu mtoto, anapitisha kijiko mbele ya macho yake, anagonga sufuria nyuma ya kichwa chake. "Ameona, wifi? Amesikia?" Ninamwambia amesikia, ameona. Kliniki wakampima, wakasema anakua vizuri, shingo yake ina nguvu, aje tena mwezi ujao. Alitoka pale anatembea kama mtu aliyetuliwa gunia.

Na kaka yangu akapiga simu. Duara lilikuwa limeanza kutoa. Nilikuwepo, namnyonyesha Enock, nikasikia sauti yake ya furaha kwenye spika. "Mama Salome, mambo yamefunguka! Waoshaji hawatoshi, na wewe mikono yako inajulikana. Njoo hata mwezi mmoja tu."

Vumilia alimtazama mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwake, ameshika kidole chake kimoja, hakiachii.

"Baba Salome," akasema taratibu, bila hasira, "nakushukuru kwa kunikumbuka. Zebaki sigusi tena. Njoo wewe. Njoo umwone mwanao, halafu kama unataka kurudi utarudi."

"Anafanana na nani?" kaka akauliza.

"Njoo uone."

Alikuja Ijumaa, na viatu vyake vyenye udongo mwekundu. Vumilia akamwambia anawe kwanza, mpaka kwenye viwiko, kwa sabuni. Akanawa mara mbili bila kuuliza. Ndipo akampa mtoto.